UZI: Kuruta kuchu anayeenda depo ya Jeshi la Marekani: makaratasi, nywele, mifupa, bweni na nyumbani

#1 · Kibuyu_cha_Maji

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa dada anayependa wanawake wenzake, mwenye grini kadi au uraia, ambaye ameshaapa pale MEPS (kituo cha vipimo na uandikishaji) na ana tarehe ya kuondoka. Maswali yake yametapakaa kwenye nyuzi kumi tofauti, leo tuyakusanye. Tunaongelea jeshi la nchi kavu la Marekani, mafunzo ya awali ya wiki 10: Fort Jackson kule South Carolina, Fort Leonard Wood kule Missouri, Fort Sill kule Oklahoma, na Fort Benning kule Georgia kwa wanaokwenda kwenye mapigano ya ardhini.

Sheria niipitie haraka maana siku hizi si mahali pa kukwama. Sera ya "usiulize, usiseme", iliyowataka wapenzi wa jinsia moja jeshini wajifiche, ilianza kutumika 1994 ikafa rasmi tarehe 20 Septemba 2011, baada ya kuwatimua watu zaidi ya 13,000. Agosti 2012 Tammy Smith alipandishwa kuwa brigedia jenerali, na aliyemvalisha nyota ni mkewe. Juni 2013 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu ya Windsor ya kutambua ndoa za jinsia moja, na tangu hapo mke wa mwanajeshi wa kike ana stahili zile zile za mke wa mwanajeshi wa kiume. Ile amri ya Januari 2025 inayosumbua watu vichwa inawahusu waliobadili jinsia. Haiwagusi wapenzi wa jinsia moja, acheni kuchanganya mafaili.

Mwandikishaji hakuulizi unampenda nani, fomu haiulizi, daktari wa MEPS haulizi. Kwa hiyo kinachomwangusha dada kuchu depo ni kile kile kinachomwangusha kuruta mwingine yeyote, miguu na usingizi, ukiongeza vitu vitatu vinne ambavyo hakuna atakayemwambia. Hivyo vitatu vinne ndivyo tunavyovitaka hapa. Hadithi za "mimi enzi zangu" zina uzi wake. Matusi yatafutwa bila onyo.

#2 · Karani_wa_Ghala

Naanza na makaratasi, kwa sababu yanaharibu mambo kimyakimya.

Siku za kwanza ni risepsheni. Hazihesabiwi kwenye zile wiki 10. Hapo unachomwa sindano, unapimwa macho, unagawiwa magwanda na buti, unalala saa chache. Katikati ya uchovu huo unakalishwa mbele ya karani mwenye foleni ya watu sitini nyuma yako, anakuuliza: ukifa nani aambiwe, na pesa apewe nani? Majibu yawe yameandikwa kwenye kijidaftari kabla hujapanda ndege. Anayejibu kwa kubahatisha huandika "mama" kila mahali, kisha anasahau kurekebisha kwa miaka.

DD 93 ndiyo rekodi ya dharura. Ina nafasi ya mwenzi wa ndoa, watoto, baba, mama, watu wengine wa kuarifiwa, mtu asiyetakiwa kuarifiwa kwa sababu ya afya yake, mwenye kauli juu ya mwili wako, na mgawanyo wa zile dola 100,000 za rambirambi, unaogawa kwa mafungu ya asilimia 10. Mpenzi ambaye hamjafunga ndoa hayumo popote mpaka umwandike wewe kwa jina, anwani na simu. Usipomwandika, afisa hatagonga mlango wake hata kama mmeishi nyumba moja miaka saba.

SGLI ni bima ya maisha, kiwango cha juu dola 500,000 tangu Machi 2023. Mrithi ni yeyote umtakaye. Kwenye sehemu ya uhusiano neno "rafiki" linakubalika kabisa. Kosa linalojirudia ni kuchagua "kwa mujibu wa sheria" ili kumaliza haraka. Sheria inatoa kwa mwenzi wa ndoa, hakuna basi watoto, hakuna basi wazazi. Mpenzi wako hapati hata senti, na pesa yote inakwenda kwa wazazi. Andika majina na asilimia.

Kama mmeoana, beba nakala ya cheti cha ndoa yenye muhuri wa kaunti (picha ya simuni haitoshi), namba ya hifadhi ya jamii ya mkeo, na anwani anayoishi. Cheti kinamwingiza kwenye DEERS, yaani daftari la jeshi la wanafamilia wenye stahili, ili apate matibabu, na fomu ya DA 5960 ndiyo inayoanzisha posho ya nyumba. Ukiwa mafunzoni posho hiyo hufuata eneo analoishi mkeo, haifuati ilipo kambi. Karatasi zikikosekana, malipo yanakaa mpaka zipatikane, na depo hakuna nafasi ya kwenda kuzitafuta.

La mwisho: ndoa ya kuwinda posho ni wizi kwa sheria za jeshi, iwe ya mke na mume au ya mke na mke. Hiyo haina ushoga wala nini, ni jela tu.

#3 · Nyota_ya_Kaskazini

Asante mkuu. Swali la wengi: familia iko Mwanza au Kisumu na haijui. Kuna karatasi yoyote kati ya hizo inayoweza kumfikia mama ukiwa hai?

#4 · Karani_wa_Ghala

DD 93 na SGLI hazitumwi kwa mtu yeyote ukiwa hai. Kuna jambo moja tu: mwenye mke wa ndoa akimwandika mtu mwingine kwenye bima, mke huandikiwa barua ya kujulishwa. Wazazi hawajulishwi.

Mianya ya kweli iko kwingine, nayo ni midogo midogo.

Kombania nyingi zina ukurasa wa Facebook wa kuweka picha za makuruta. Mama yuko Kisumu anautazama kila usiku akikutafuta. Sasa mpenzi naye akiandika chini ya picha "mpenzi wangu jamani" na mioyo saba, picha hiyo itakuwa kwenye grupu la ukoo la WhatsApp kabla ya alfajiri. Mkubaliane mapema: hatoi maoni, hamtagi mtu.

Barua nazo. Zinagawiwa mbele ya wote, drili sajenti anasoma jina kwa sauti. Bahasha yenye marashi, alama ya midomo au mioyo ya kalamu nyekundu ni pushapu, bila kujali imetoka kwa mwanamume au mwanamke. Bahasha nyeupe, jina la ukoo, anwani ya kurudishia, basi. Ndani aandike anavyotaka, ila picha ziwe za heshima kwa sababu kabati lako litakaguliwa.

Simu ya kwanza ni ya dakika chache, umesimama kwenye mstari na wenzako wanasikia. Unasema umefika salama, unataja anwani, unakata. Na usidhani Kiswahili ni ukuta. Wakenya, Wakongo na Watanzania hawakosekani kwenye makambi hayo.

#5 · Mkono_wa_Msusi

Nywele. Hapa kuna makundi mawili: anayenyoa na anayesuka.

Tangu Februari 2021 hakuna urefu wa chini kwa mwanamke, unaweza kunyoa kipara kabisa. Kabla ya hapo ilikuwa lazima zibaki robo inchi. Kwa hiyo dada mwenye staili ya kiume hana haja ya kujificha, ila asinyoe siku ya kuondoka. Ngozi ya kichwa ambayo haijawahi kuona jua inaungua siku ya pili uwanjani, halafu unavaa kofia ya chuma juu ya malengelenge. Nyoa wiki tatu kabla, kichwa kizoee. Jiandae pia kuitwa kama mwanamume na watu wasiokujua, hasa kwenye foleni ya chakula na usiku chooni. Jibu kwa sauti ya kawaida, taja jina lako la ukoo, endelea na safari. Ukianza kuhutubia unachelewa mstari, na anayechelewa anawaponza wote.

Anayesuka: rasta zinaruhusiwa tangu 2017, na mabutu, yebo yebo na twende kilioni vinaingia kwenye kanuni ilimradi mistari iwe imenyooka na rangi iwe ya nywele za asili. Lakini kuruhusiwa si kufaa. Jaribu hili nyumbani: funga kinundu kisogoni, vaa kofia ngumu ya pikipiki, lala kifudifudi kama unalenga shabaha. Kinundu kinagonga ukosi wa nyuma, kofia inasukumwa mbele, inaziba macho. Unaona nyasi, huoni shabaha. Na ya kufaulu ni 23 kati ya 40.

Suluhisho ni twende kilioni sita hadi nane, nyembamba, zinazoshuka chini na kufungwa chini kabisa ya kisogo, kifundo bapa. Pale kwenye panja mistari iwe myembamba zaidi, kwa sababu barakoa ya gesi inabana hapo hapo. Suko nene linaacha upenyo, na kwenye chumba cha moshi wa machozi upenyo huo utaujua.

Usuke siku tatu nne kabla, zisiwe zimebana hadi paji la uso ling'ae. Nywele za kuongezea ziwe kidogo, zikilowa jasho zinakuwa nzito na hazikauki. Beba vibanio vya mpira vya rangi ya nywele zako, hata 30, vinapotea kama sindano.

#6 · Buti_Namba_Tano

Nikazie la #5: barakoa na lenzi za kuvaa ndani ya jicho haviendi pamoja. Lenzi za machoni haziruhusiwi depo, utapewa miwani. Nenda na miwani yako ya sasa ili wakupime haraka.

Na buti: usinunue. Utagawiwa. Wakati wa kupima vaa soksi za jeshi, simama kwa miguu yote miwili, kidole gumba cha mguu kisiguse mbele. Ukiona inabana, sema hapo hapo. Watu wanaogopa kumchelewesha mgawaji, kisha wanatembea na kosa hilo wiki 10.

#7 · Kocha_Mchakamchaka

Mtihani wa viungo unaitwa AFT, umechukua nafasi ya ule wa zamani tangu Juni 2025. Mazoezi matano, lazima alama 60 kila moja, jumla 300. Kwa mwanamke wa miaka 17 hadi 21, alama 60 ni hizi: kunyanyua chuma kutoka chini mara tatu kilo 54 (ratili 120), pushapu za kuachia mikono 11 ndani ya dakika 2, mbio za kuvuta na kubeba dakika 3 na sekunde 15, planki dakika 1 na nusu, maili 2, yaani kilomita 3.2, kwa dakika 22 na sekunde 55. Hicho ni kiwango cha kutofukuzwa, si cha kujivunia. Fika ukiwa unakimbia chini ya 20. Na anayekwenda kwenye kazi za mapigano, kipimo ni kimoja kwa wanawake na wanaume na jumla ni 350.

Wiki 12 za nyumbani zinatosha kama hutoki kitandani moja kwa moja. Kukimbia mara tatu kwa wiki: siku moja taratibu na ndefu, siku moja mita 400 mara sita na kupumzika katikati, siku moja ya wastani. Nguvu mara mbili. Kutembea na mzigo mara moja tu. Ongeza umbali kidogo kidogo, kama sehemu ya kumi kwa wiki. Mifupa inazoea polepole kuliko mapafu, na hapo ndipo wanawake wengi wanapovunjikia: pumzi ipo, mguu hauko tayari.

Mzigo anza na kilo 5 kwa kilomita 3, uishie kilo 15 kwa kilomita 8. Usikimbie na mzigo hata hatua moja. Depo mtatembea hadi kama kilomita 16, lakini kwa kupandishwa taratibu, na begi la kazi halina haja ya kuanza kukuumiza ukiwa bado sebuleni.

Huna vyuma? Ndoo ya galoni 5 ikijaa maji ina takriban kilo 19. Mbili ni karibu sawa na vile vyuma viwili vya kilo 18 vya kwenye mbio za kubeba. Weka alama mbili, mita 25 mbali, nenda na kurudi mara tano: kukimbia, kuvuta, kwenda upande upande, kubeba, kukimbia. Cha kuvuta ni sledi ya kilo 41. Tumia tairi kuukuu na kamba. Makosa hapa: kutoka kasi mno raundi ya kwanza ukaishia kutembea ya nne, kusahau kugusa mstari kwa mguu NA mkono ukarudishwa, kugeuza sledi kabla haijavuka mstari yote.

Pushapu: kifua kinagusa chini, mikono inatoka pembeni kama msalaba, inarudi, ndipo unainuka mwili ukiwa umenyooka. Kiuno kikibaki nyuma, haihesabiwi. Fanya 5 kila unapopita mlangoni, usisubiri siku ya zoezi.

#8 · Nesi_wa_Zamu_ya_Usiku

Kocha kagusa mifupa, mimi nimalizie.

Madini ya chuma kwanza. Mwanamke anahitaji takriban miligramu 18 kwa siku, na kiwango chake mwilini hushuka wakati wa mafunzo. Miezi mitatu kabla, mwombe daktari apime hemoglobini pamoja na feritini (akiba ya chuma mwilini). Hemoglobini peke yake inaweza kuwa sawa wakati ghala limeshaisha. Usijinunulie vidonge kabla ya kipimo. Chakula: maini, dagaa, maharage, mchicha, na pembeni chungwa au ndimu. Na hapa ndugu zangu mtanichukia: chai. Chai ya rangi au ya maziwa juu ya mlo inazuia chuma kunyonywa. Isogeze saa moja au mbili mbali na chakula. Maharage na chai ya maziwa kwenye meza moja ni kupiga makofi kwa mkono mmoja.

Kalsiamu na vitamini D. Ngozi nyeusi kwenye baridi ya Minnesota haitengenezi vitamini D ya kutosha, pima. Kuna utafiti wa makuruta wa kike wa jeshi la majini, uliochapishwa 2008: waliopewa kalsiamu miligramu 2,000 na vitamini D yuniti 800 kwa siku walipata nyufa za mifupa pungufu kwa asilimia 20. Ndiyo sababu depo utapewa kijikeki chenye kalsiamu na vitamini D. Wengi wanakiuza kwa rafiki au wanakitupa. Kile ni cha mifupa yako, ukile wewe.

Ufa wa mfupa unajulikana hivi: maumivu ya mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa kidole kimoja, yanazidi ukitembea, mwishowe yapo hata umelala. Kwenye muundi wa mguu unaweza kusubiri asubuhi. Kwenye kinena au ndani ya nyonga, hasa ukiruka kwa mguu mmoja ukahisi kisu, USISUBIRI. Shingo ya fupa la paja ikikatika kabisa ni upasuaji. Makuruta wanaficha wakiogopa kurudishwa nyuma kwenye kombania nyingine. Kurudishwa ni wiki kadhaa, nyonga ni maisha.

Hedhi: vipimo vya mimba hufanywa kwa wanawake wote, MEPS na risepsheni. Kusema "mimi sina mwanaume" hakukuondoi kwenye foleni, toa mkojo uendelee. Vidonge vya kupanga uzazi unaweza kuvitumia kusitisha au kupunguza hedhi hata kama mimba si hoja kwako, lakini anza miezi miwili mitatu kabla, maana mizunguko ya mwanzo huleta matone yasiyo na ratiba. Beba na karatasi ya daktari. Pedi chukua za wiki mbili, baadaye zinanunuliwa dukani kambini.

Sidiria za michezo: nne hadi sita, za kubana vizuri, rangi moja isiyopiga kelele. Anayevaa kitambaa cha kubana kifua aache nyumbani. Kinazuia mbavu kupanuka, na chini ya begi na fulana ya kuzuia risasi utakosa pumzi katikati ya mlima. Bukta nyeusi ya kubana chini ya kaptura itakuokoa mapaja.

#9 · Kalamu_Nyekundu

Mimi nina msimamo tofauti na mleta uzi. Depo usimwambie mtu yeyote. Wiki 10 ni fupi, funga mdomo, maliza, ondoka.

#10 · Kibuyu_cha_Maji

@Kalamu_Nyekundu kufunga mdomo ni haki yake, sina ugomvi. Tatizo ni pale kufunga mdomo kunapogeuka kutunga uongo. Akishamzulia "boyfriend" anayeitwa Brian, lazima amlishe Brian wiki 10: kazi yake, barua zake, kwa nini hatakuja mahafali. Akichoka usiku mmoja Brian anabadilika kabila. "Sipendi kuongelea mambo yangu" inatosha, na hakuna anayeweza kumkamata nayo.

Kuna na suala la mbele. Kwa kazi zinazotaka kibali cha usalama, tangu agizo la rais la 1995 mapenzi ya jinsia moja peke yake hayawezi kumnyima mtu kibali. Wanachotafuta wachunguzi ni mtu anayeweza kutishwa kwa siri yake. Siri ambayo mchunguzi ameshaambiwa haina makali tena, hata kama mama hajui. Kwa hiyo: nyumbani unaweza kunyamaza, bwenini unaweza kunyamaza, kwenye fomu usidanganye.

#11 · Dada_wa_Bweni_la_Tatu

Bweni sasa. Ukumbi mmoja wa vitanda vya ghorofa, wanawake peke yao, watu hadi sitini. Bafu na choo vya pamoja. Kuoga ni dakika chache. Hakuna anayekutazama, kila mtu anatafuta sabuni yake. Wanaopata shida ni wale wanaotania. Kwa hiyo:

Usitoe maoni juu ya mwili wa mtu, hata ya kusifia, hata kwa mzaha. Mzaha wa "kakiuno hako" kutoka kwa dada asiye kuchu unaishia kichekoni. Kutoka kwako unaweza kuishia kwenye karatasi. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Usikae wala kulala kwenye kitanda cha mwenzako. Kanuni ni ya wote. Kusukana nywele mfanyie sehemu ya wazi, mchana wa Jumapili, mkiwa watatu wanne.

Kila uendapo ni wawili. Mwenza wako wa kila hatua umepangiwa, hujamchagua. Akijua na akaona tabu, msilumbane, mwombe drili sajenti mabadiliko kwa sababu ya kikazi. Zamu ya usiku ya kulinda bweni pia ni ya wawili, saa moja moja. Kaeni mnapoonekana, taa ya choo ikiwaka.

Mapenzi kati ya makuruta ni marufuku, na kati ya kuruta na mkufunzi ni marufuku mara mbili. Utasaini DD 2983 inayosema hivyo, mkufunzi anasaini DD 2982. Hakuna kipengele cha jinsia humo. Wiki ya sita, mkishachimba mashimo pamoja na kushiriki soksi, moyo utakudanganya kwamba umempata wa maisha. Andika namba yake ya simu kwenye kijidaftari, mtafute baada ya mahafali.

#12 · Nyota_ya_Kaskazini

Na ukisumbuliwa? Mtu akikutangaza, au mkufunzi akikushika?

#13 · Dada_wa_Bweni_la_Tatu

Tofautisha mambo mawili.

Kutaniwa, kutukanwa, kutangazwa: mwelekeo wa kimapenzi uko kwenye sera ya usawa ya jeshi tangu 2015. Andika tarehe, saa, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Neno kwa neno, si "alinidharau". Anza na drili sajenti wako. Yeye akiwa ndiye tatizo, ruka hadi kwa kamanda wa kombania au mshauri wa usawa.

Kushikwa au kubakwa: kuna taarifa za aina mbili. Ya siri inakupa daktari, mtetezi na ushauri bila kamanda kuambiwa jina lako wala uchunguzi kuanza. Ya wazi inaanzisha uchunguzi. Ya siri unaweza kuigeuza kuwa ya wazi baadaye, ya wazi hairudi nyuma. Wa kuwaambia ni SARC (mratibu wa kesi za unyanyasaji wa kingono), mtetezi wa waathirika au wahudumu wa afya. Usianze kwa kumwambia drili sajenti kama unataka siri, maana yeye analazimika kupeleka mbele. Simu ya msaada ya jeshi ni 877-995-5247, saa 24.

Kasisi wa jeshi naye anatunza siri kabisa, hata asipokubaliana nawe. Anaweza kukataa kufungisha ndoa yako kwa imani yake, hawezi kupeleka maneno yako popote. Na ibada ya Jumapili si lazima, ila wengi huenda hata kwa kukaa tu kwenye kiti chenye mgongo.

#14 · Grini_Kadi_Mkononi

Uraia mmeuruka, na ndio unaowaleta wengi. Mwenye grini kadi akiingia jeshini anaomba uraia kwa fomu N-400 bila ada, akiwa na fomu N-426 iliyosainiwa na jeshi kuthibitisha utumishi. Beba nakala za grini kadi pande zote mbili, pasipoti, vyeti vya talaka kama vipo, na orodha ya safari zote za nje na tarehe zake. Wengi wamekula kiapo cha uraia wakiwa bado mafunzoni. Asiye na grini kadi asidanganywe: ule mpango wa MAVNI uliochukua hadi wasema Kiswahili ulifungwa 2016.

Mambo mawili ya kuchunga. Kwanza, ukitimuliwa kwa sababu zisizo za heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi, uraia uliopata kwa njia hii unaweza kufutwa. Pili, aliyepata ukaazi kwa hifadhi ya ukimbizi kwa sababu ni kuchu, asirudi nyumbani kwa likizo kabla ya uraia. Safari hiyo inaweza kutumika kuhoji hifadhi yenyewe. Na hata baada ya uraia, kifungu cha 154 cha Tanzania bado ni kuanzia miaka 30 hadi maisha, cha 162 cha Kenya ni miaka 14, na Uganda ina sheria ya 2023. Pasipoti ya bluu haifuti hayo ukishatua. Simu iwe safi, picha ziache Marekani.

#15 · Nanyuki_Moja

Kwa wanaofikiria Uingereza, kwa kuwa Wakenya, Waganda na Watanzania wanaingia kwa mlango wa Jumuiya ya Madola: marufuku huko iliondolewa 12 Januari 2000, baada ya mahakama ya Strasbourg kuihukumu serikali Septemba 1999. Fomu na vipimo ni tofauti kabisa, msichanganye na za humu.

#16 · Nyota_ya_Kaskazini

La mwisho, mahafali. Mama anatoka Dallas na mpenzi anatoka Columbus. Wote wanataka kuja.

#17 · Karani_wa_Ghala

Siku ni mbili: siku ya familia, na kesho yake paredi. Siku ya familia unatolewa kwa saa chache, na hukumu ya nani uanze kumkumbatia hutolewa mbele ya watu elfu. Amua kabla. Njia inayofanya kazi: mpenzi aje kama mmoja wa kundi, pamoja na rafiki wengine wawili, gari lao na hoteli yao, na mama asiachwe peke yake nao kwenye jukwaa bila mtu wa kati, binamu au shangazi anayejua. Kila mgeni awe na kitambulisho cha REAL ID au pasipoti, maana geti la kambi halina undugu. Wageni wenye pasipoti ya nje waombe ruhusa ya kuingia wiki kadhaa kabla, kombania itatuma maelekezo kwenye barua ya kwanza.

Na kwenye barua yako ya kwanza mwandikie mpenzi kabisa: siku ya familia kuna desturi ya kuruta kusimama kama mti, hasogei, mpaka mtu wake aje amguse begani. Atakayekugusa kwanza ndiye atakayekuwa kwenye picha zote. Mpangie mama.